Nondo wa tufaha si nondo wa chungwa

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Hapa chuoni ukisema "nondo" watu watadhani unatafuta desa la mtihani, au unamsifu yule jamaa anayeshusha hoja nzito kila bunge la wanafunzi likikaa. Fundi ujenzi naye atafikiria vyuma vya milimita 12. Nondo ninayemzungumzia mimi ni mdudu, yule ndugu wa kipepeo anayekuja kujigonga kwenye taa ya kimbweta usiku ukiwa unasoma, ukampiga na daftari bila kumuuliza jina. Mimi pia sikuwa na tabia ya kuwauliza majina. Nilianza baada ya kumharibia mzee wa watu msimu wa machungwa.

Ilikuwa fildi ya mwaka wa pili, Muheza mkoani Tanga. Kama umewahi kupita barabara ya kutoka Segera kwenda Tanga mjini wakati wa msimu, unajua ninachosema: machungwa yamerundikwa kila upande, malori yamepaki, mengine yanangoja kwenda Dar, mengine Kenya. Mzee niliyepangiwa ana michungwa kama mia mbili hivi, mingi ni Valensia. Siku ya kwanza nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akajibu, "Marahaba bibi shamba, karibu." Nina miaka 21, sijawahi kulima hata bamia, na tayari naitwa bibi shamba. Nikajiona mtu.

Tatizo la babu lilikuwa hili. Machungwa yalikuwa yanageuka njano kabla ya wakati wake, moja hapa, moja pale, huku wenzake kwenye tawi hilo hilo bado ni ya kijani. Baada ya siku chache linadondoka. Kijiji kizima kilisema ni inzi wa matunda, kwa sababu tangu yule inzi mgeni kutoka Asia aonekane Kenya mwaka 2003 na kusambaa ukanda huu, kila tunda linalooza analaumiwa yeye. Nikachukua kisu, nikapasua. Ndani hapakuwa na funza wengi wanaorukaruka. Kulikuwa na kiwavi mmoja tu, wa rangi ya waridi, ana kichwa cha kahawia kinachoonekana vizuri na miguu. Funza wa inzi hana kichwa cha namna hiyo wala miguu. Kwa hiyo nikamwambia babu kwa kujiamini, "Hawa si inzi babu, hawa ni watoto wa nondo." Hapo nilikuwa sahihi. Kama ningeishia hapo nikapiga simu kwa mwalimu, makala hii isingekuwepo.

Badala yake niliingia Google. Nikaandika kiwavi wa waridi ndani ya tunda, kwa Kiingereza, na picha zikaja kibao. Karibu zote zilikuwa za mdudu mmoja: Cydia pomonella, nondo wa tufaha. Kiwavi ana rangi ya waridi, kichwa cha kahawia, mmoja ndani ya tunda, kinyesi chake kama unga wa mbao kinatokeza kwenye tundu. Kila kitu kikafanana. Kwamba picha zote zilikuwa za maepo na siyo machungwa, hilo sikulipa uzito. Nikachukua sehemu ya bumu, nikaagiza chambo za feromoni za nondo wa tufaha kupitia jamaa anayeleta mizigo, nikatengeneza mitego sita ya karatasi ngumu yenye umbo la hema na gundi ndani, nikaitundika kwenye michungwa ya babu. Niliagiza na akiba kabisa.

Wiki ya kwanza, hakuna nondo. Ya pili, hakuna. Ya tatu kulikuwa na nzi wawili, mchwa mwenye mbawa, na jani. Mimi nikafanya hesabu ya mwanafunzi: mtego hauna nondo, kwa hiyo shamba halina nondo. Nikamwambia babu, "Hao viwavi tuliowaona ni masalia tu, nondo wenyewe hawapo." Babu alikuwa na kawaida ya kuokota machungwa yaliyodondoka kila wiki na kuyafukia kwenye shimo nyuma ya nyumba, kazi inayovunja mgongo kwa mtu wa umri wake. Aliponiuliza kama aendelee, nilimwambia apumzike.

Mwishoni mwa Septemba nilirudi kuchukua sahihi ya ripoti. Siku hiyo hiyo dalali alikuja na lori. Alipasua machungwa kumi, manne yakawa na kiwavi. Hakugombana na mtu. Alifuta kisu kwenye suruali, akapanda lori, akaenda shamba la jirani. Babu hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lilinikosesha usingizi.

Nilibeba viwavi watano kwenye kichupa cha spiriti mpaka chuoni. Mwalimu wetu wa wadudu alimweka mmoja chini ya darubini, akamgeuza tumbo juu, akaangalia mwisho wa mwili wake, na haikufika dakika moja akasema, "Huyu ana kitana." Akanipisha niangalie. Kweli, juu tu ya tundu la haja kubwa kuna kitu kidogo cheusi chenye meno, kama kitana cha mtoto wa sanamu. Kiwavi huyu hukitumia kurushia kinyesi mbali naye. Kiwavi wa nondo wa tufaha hana kitana. Ndiyo hivyo. Miezi mitatu ya kazi yangu ilikuwa imeanguka kwenye kitu ambacho ukikiangalia kwa macho matupu hukioni.

Mdudu wa babu anaitwa Thaumatotibia leucotreta. Hawa wawili ni ndugu kweli, wote ni wa familia ya Tortricidae, na ukiwaweka bega kwa bega wamekunja mbawa utasema ni mapacha wasiovutia. Wote wadogo, ukiwakunjua mbawa hawavuki sana sentimita mbili kutoka ncha hadi ncha. Wote wamevaa rangi za gome la mti, hivyo mchana wanatulia tu na huwaoni. Wote hutaga yai moja moja, bapa, linalong'aa kama tone la gundi lililokauka. Kiwavi akitoka anatoboa tunda na kuzama humo, na akishaingia dawa ya kupuliza haimfikii tena. Hata kwenye ukali wanafanana: wakikutana wawili ndani ya tunda moja, mara nyingi anabaki mmoja.

Lakini mwangalie vizuri nondo mzima. Yule wa tufaha ni wa kijivu, ana mistari myembamba ya mawimbi, na kwenye ncha ya kila bawa la mbele ana baka la rangi ya shaba. Jua likimpiga kwa upande, baka hilo linameta kama senti mpya. Ukiliona hilo, humwiti kwa jina lingine. Wa kwetu hana shaba. Ana mchanganyiko wa kahawia, kijivu na weusi uliovurugika, na katikati ya bawa kuna kidoa kidogo cheupe. Na kama ni dume, mwangalie miguu ya nyuma: imejaa manyoya mazito, utadhani amevaa soksi za baridi. Hapo ndipo jina lake lilipotoka. Thauma kwa Kigiriki ni ajabu, tibia ni muundi. Mdudu mwenye muundi wa ajabu. Aliyemwandika kisayansi mwaka 1913 ni Edward Meyrick, mwalimu wa shule Mwingereza ambaye muda wake wa ziada aliutumia kuelezea maelfu kwa maelfu ya spishi za nondo wadogo. Nikifikiria kwamba mimi nilishindwa kutofautisha wawili, nanyamaza.

Sasa mbona mitego yangu haikukamata hata mmoja, wakati shamba lilikuwa limejaa? Hili ndilo nililolipenda zaidi nilipolielewa, ingawa nililielewa kwa hasara.

Nondo jike akiwa tayari kupandwa hutoa harufu hewani. Dume anainusa kwa antena zake kutoka mbali na kuifuata. Harufu hiyo ndiyo feromoni, na kila spishi ina yake. Ya nondo wa tufaha ilitambuliwa mwaka 1971: ni mnyororo wa kaboni 12, una viunganisho viwili vya jozi, kwenye nafasi ya 8 na ya 10, na mwisho wake ni alkoholi. Ya nondo wa kwetu nayo ina mnyororo wa kaboni 12, lakini kiunganisho cha jozi ni kimoja tu, kwenye nafasi ya 8, na mwisho wake ni asetati, halafu ni mchanganyiko wa maumbo mawili ya molekuli hiyo hiyo. Wale wa kemia watasema tofauti hiyo ni swali la alama mbili kwenye UE. Kwa nondo dume ni kama mtu kutangaza harusi kwa Kirusi katikati ya soko la Muheza. Watu wapo, wanasikia kelele, lakini hakuna anayekuja. Mtego wangu ulikuwa unaita wageni ambao hawaishi hapo, na wenyeji walikuwa wanapita pembeni yake wakienda kutaga kwenye machungwa.

Kwa hiyo mtego mtupu ulikuwa umeniambia jambo moja tu, kwamba nondo wa tufaha hayupo. Mimi nikasikia kwamba nondo hawapo.

Tofauti nyingine kubwa iko kwenye usingizi. Nondo wa tufaha ni mtoto wa nchi zenye baridi. Inaaminika alianzia huko huko tufaha lilikoanzia, Asia ya Kati, akalifuata tunda lake Ulaya, halafu wakoloni wakambeba bila kujua hadi Marekani, Australia na Afrika Kusini. Siku zikianza kuwa fupi kuelekea majira ya baridi, kiwavi aliyekomaa hutoka kwenye tunda, hujificha chini ya gome la mti, hujifuma kifukofuko na kulala humo miezi yote ya baridi bila kula. Jua la masika ya huko likirudi ndiyo anageuka pupa, kisha nondo. Kwa mwaka anapata kizazi kimoja sehemu za baridi kali, viwili au vitatu, pengine vinne, sehemu za joto. Wakulima wa huko wanaweza kumvizia kwa kalenda: wanajumlisha joto la kila siku linalozidi nyuzi 10, na jumla ikifika kiwango fulani wanajua mayai yanaanguliwa wiki hii.

Wa kwetu hana habari na usingizi. Hana likizo. Kiwavi wake akishiba anatoka kwenye chungwa, mara nyingi lile lililokwisha dondoka, anaingia kwenye udongo wa juu juu, anajifuma kifukofuko chenye chembe za mchanga, na baada ya wiki mbili tatu nondo anatoka kuanza upya. Kwenye joto mzunguko mzima unaweza kuchukua kama mwezi mmoja na nusu. Vizazi vitano au sita kwa mwaka si ajabu. Baridi ikishuka chini ya kama nyuzi 12 ukuaji wake unasimama, na barafu inamuua. Ukiniuliza tofauti ipi ina maana zaidi kwa mkulima, nitakujibu hii. Yule mmoja unampiga akiwa amelala kwenye gome. Huyu mwingine yuko kwenye udongo chini ya mti wako mwaka mzima, na daraja lake la kufika huko ni tunda lililodondoka. Yale machungwa ambayo babu alikuwa anayafukia kila wiki ndiyo ilikuwa dawa yenyewe, na mimi, bibi shamba, ndiye niliyemwambia apumzike.

Kuhusu chakula, nondo wa tufaha ni mchaguzi. Tufaha kwanza, halafu peasi, jozi, na ndugu zao wachache. Kiwavi wake anapita kwenye nyama ya tunda moja kwa moja hadi katikati, anakula mbegu. Wa kwetu anakula karibu kila kitu. Mimea inayotajwa kumlisha ni zaidi ya 70: machungwa, mapera, komamanga, pichi, pilipili hoho, makadamia, parachichi, mahindi, pamba, bamia, mbarika, hata maua ya waridi. Ndimu na limau ndizo hazimpendezi. Hili lilinifanya nirudi kwenye picha nilizopiga shambani. Nyuma ya nyumba ya babu kuna mipera mitatu ambayo hakuna anayeihudumia, watoto wanachuma tu. Michungwa ikiisha msimu, nondo wanahamia kwenye mapera, mapera yakiisha wanarudi. Kwa mwenye tufaha peke yake Ulaya, mlango ni mmoja. Kwa babu milango ni mingi, na mingine iko kwa jirani.

Na hapa niseme jambo linalonikera kidogo. Kwa Kiingereza yule wa tufaha anaitwa codling moth, na huyu wetu false codling moth. Yaani nondo wa tufaha wa uongo. Feki. Mdudu amezaliwa Afrika, ameishi hapa tangu kabla mtu yeyote hajaleta mche wa tufaha, halafu anaitwa nakala bandia ya mgeni. Mwanzoni haikuwa hivyo. Alipoandikwa mara ya kwanza huko Afrika Kusini mwaka 1901 aliitwa nondo wa tufaha wa Natal, na mwaka 1909 akaitwa wa chungwa. Kote walimlinganisha na yule wa Ulaya kwa sababu ndiye waliyemjua, lakini angalau walitaja nyumbani kwake au chakula chake. Hilo neno la uongo lililokuja kushinda ndilo lililonichanganya mimi kwenye intaneti, maana ukitafuta jina lake, nusu ya unacholetewa ni cha yule mwenzake. Mimi nimeamua kumwita nondo wa chungwa. Kama una jina zuri zaidi kwa Kidigo, Kibondei au Kisambaa, niletee ofisi ya jarida.

Afrika Kusini ndiko wanakokutana wote wawili. Mashamba ya tufaha ya Rasi ya Magharibi yanapambana na yule wa kwanza, na mashamba ya machungwa, mengine ndani ya jimbo hilo hilo, yanapambana na wa pili. Ndiyo maana vitu vingi vizuri vya kusoma kuhusu nondo wa chungwa vinatoka huko. Wanatumia kirusi kinachoua kiwavi wake peke yake, kinapuliziwa kwenye mti kama dawa, kiwavi anakila kabla hajatoboa tunda, anakufa. Nondo wa tufaha naye ana kirusi chake, kiligunduliwa Mexico miaka ya 1960. Kirusi cha huyu usitegemee kimuue yule. Halafu kuna ile mbinu ya kuwazalisha nondo kiwandani kwa mamilioni, kuwapiga mionzi wawe tasa, na kuwaachia mashambani wakawapotezee muda wenzao. Kanada walianza mpango huo kwa nondo wa tufaha kwenye bonde la Okanagan miaka ya 1990, na Citrusdal, Afrika Kusini, wakaanza kwa nondo wa chungwa mwaka 2007. Wale wa kiwandani wanalishwa chakula chenye rangi nyekundu, ili akinaswa kwenye mtego ukimbonyeza tumbo ujue ni wenu au ni wa porini. Nilicheka niliposoma hilo. Hata wao wanahitaji msaada kuwatambua.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Marekani, kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi DDT ilipoingia miaka ya 1940, nondo wa tufaha alikuwa akipigwa kwa arsenati ya risasi. Ni sumu mbili ndani ya pakiti moja, risasi na aseniki. Walipuliza mara nyingi kila msimu kwa miongo kadhaa. Mdudu akaanza kuizoea, na udongo wa yaliyokuwa mashamba ya tufaha, mengine sasa yana nyumba za watu na viwanja vya shule, hadi leo una risasi na aseniki. Nalitaja hili kwa sababu baada ya dalali kuondoka, wazo la kwanza la vijana wa pale lilikuwa "tupige dawa kali". Dawa kali dhidi ya kiwavi aliyeko ndani ya chungwa ni kumwogesha mtu aliyejifungia chumbani.

Kuna na upande wa fedha, ambao kwa babu ulikuwa dalali mmoja na lori moja, lakini kwa nchi ni mkubwa zaidi. Ulaya ina nondo wa tufaha tangu enzi na enzi, kwa hiyo kiwavi wake kwenye epo hawamtishi mtu. Wanapambana naye wenyewe. Nondo wa chungwa ndiye wanayemzuia mlangoni, maana wanaogopa akifika kusini mwa bara lao, kwenye joto, hatatoka tena. Tangu Januari 2018 Umoja wa Ulaya unadai ushahidi kwamba machungwa, pilipili, pichi na komamanga kutoka nchi zenye mdudu huyu hayana kiwavi. Limau na ndimu zikaachwa nje ya sharti, kwa ile sababu niliyoitaja. Mwaka 2022 waliongeza sharti la kuyapoza sana machungwa kutoka kwenye nchi hizo, na Afrika Kusini ikaupeleka mgogoro huo Shirika la Biashara Duniani mwezi Julai mwaka huo huo. Aprili 2025 ikawa zamu ya maua ya waridi, na hapo ndugu zetu wa Kenya wanaouza waridi Ulaya walilazimika kuubadilisha utaratibu mzima wa ukaguzi. Kwa nondo wa tufaha mambo yako kinyume: Taiwan, ambako hayupo, iliwahi kuyafungia mlango maepo ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya kumkuta kiwavi ndani ya shehena. Mdudu yule yule anaweza kuwa kero ya kawaida nchi moja na kesi ya kimataifa nchi nyingine.

Fikiria sasa mkaguzi wa bandarini aliyekuta kiwavi mmoja wa waridi kwenye boksi. Nondo mzima hayupo, baka la shaba halipo, soksi hazipo. Ana kiwavi tu, na boksi limebanwa na saa. Kama kiwavi amekomaa ataangalia kitana. Kama ni mdogo sana au amepondeka, itabidi wapime vinasaba. Kwa sisi tusio na maabara, njia rahisi ni kumfuga. Chukua chungwa lenye tundu, liweke kwenye chupa pana yenye mchanga mkavu kidogo chini, funika kwa kitambaa cha chandarua, subiri nondo atoke. Itachukua wiki kadhaa, lakini atatoka na mbawa zake zote, na hapo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi kumkosea. Ningefanya hivyo Julai, ningepata jibu kabla ya Septemba, bila kutumia hata shilingi ya bumu.

Nilirudi kwa babu wakati wa likizo fupi ya Desemba. Safari hii nilikuwa na chambo sahihi, nne tu, mwalimu alinipatia. Nilimweleza kila kitu, pamoja na lile kosa la kumwambia apumzike. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Kwa hiyo huyu wa kwetu ndiye wanayemwita wa uongo?" Nikamwambia ndiyo babu. Akacheka mpaka akakohoa. Tukaitundika mitego jioni. Asubuhi ya pili mtego wa karibu na mipera ulikuwa na madume 11, soksi zao zote zimeganda kwenye gundi.

Wajukuu zake sasa wanaokota machungwa kila Jumamosi kabla ya kwenda mpirani, na mapera pia. Yanafukiwa shimo la nusu mita na udongo unashindiliwa. Mpera mmoja tuliukata, babu akakataa miwili iliyobaki isiguswe kwa sababu aliipanda marehemu bibi. Sikubishana. Dalali aliporudi mwezi wa Februari kwa machungwa machache ya msimu mdogo, alipasua kumi, akakuta kiwavi kwenye moja. Alichukua mzigo, ingawa bei aliishusha kidogo.

Zile chambo za akiba za nondo wa tufaha, saba, bado ziko kwenye friji ya maabara, kwenye mfuko wenye jina langu. Kama kuna mtu anakwenda fildi Afrika Kusini kwenye mashamba ya maepo, anitafute. Simuuzii, namgawia.